Vitabu Vipo Wajir, Ufunguo Uko Mfukoni mwa Nani?

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, linapogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, limeiweka maktaba fungu moja na kamari, mbio za farasi, leseni za pombe, sinema na maonyesho ya video. Yote hayo yako chini ya kichwa cha utamaduni na burudani. Katika Kaunti ya Wajir, ambako baa ni ya kutafutwa kwa tochi na mbio za farasi ni habari za televisheni, ukiondoa michezo na makumbusho fungu hilo karibu lote linabaki vitabu. Mtu angedhani basi kaunti ina nafasi tele ya kuishughulikia maktaba. Bajeti zikisomwa, hata hivyo, visima, malori ya maji, barabara na dawa hutangulia, wala si rahisi kumlaumu anayezipanga. Kati ya 2020 na 2023 eneo hili lilikosa mvua misimu mitano mfululizo, kisha mwishoni mwa 2023 likafurika.

Hadado, mji mdogo wa wafugaji huko Wajir Magharibi, ni mahali pazuri pa kupimia ahadi zote zinazotolewa kuhusu usomaji wa vijana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 781,263 katika kaunti nzima, na wametawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita mraba 55,000. Hilo ni eneo kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Mwanafunzi wa kidato cha tatu wa upande huo akitaka riwaya ya kupitishia likizo, hana duka la vitabu la kukimbilia. Dukani kwa jirani atapata madaftari, kalamu, betri, mchele na, akiwa na bahati, karatasi za marudio ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Ndiyo maana wageni rasmi wanaposimama siku ya zawadi na kuwahimiza wanafunzi wasome, wasome, wasome, kijana aliyekaa kwenye kiti cha plastiki ana haki ya kuuliza: nisome nini, na ninakipata wapi?

Swali hilo limewahi kupata jibu moja maarufu duniani kote. Tarehe 14 Oktoba 1996, Shirika la Huduma za Maktaba Nchini Kenya lilianzisha maktaba ya ngamia mjini Garissa, na baadaye huduma hiyo ikafika Wajir. Mpango wake ulikuwa rahisi na wenye akili. Ngamia mmoja hubeba masanduku mawili ya mbao, kila moja na vitabu kama mia mbili, yakining'inia ubavuni juu ya mikeka ya kumkinga asichubuke. Wa pili hubeba hema. Msafara ukifika kituoni, hema husimamishwa, mikeka hutandikwa, vitabu hupangwa, na watoto huchagua. Mahali ambapo gari lingezama kwenye mchanga, ngamia hupita. Tena jamii inamjua mnyama huyo kuliko inavyoijua Land Rover ya serikali, na hakuna anayeuliza ametumwa na nani.

Tarehe hiyo ya 1996 ina historia yake. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda bodi ya maktaba za taifa. Mwaka huo huo serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, uliosema fedha za maendeleo zipelekwe kule ambako zitazaa haraka, yaani kwenye ardhi yenye mvua na reli. Kaskazini Mashariki wakati huo ilikuwa vitani, vita vya Shifta, na sheria za hali ya hatari ziliendelea kuikalia hadi Novemba 1991. Hesabu ni nyepesi: ngamia wa kwanza aliyebebeshwa vitabu alitoka Garissa miaka mitano tu baada ya wenyeji kuacha kuishi chini ya hali ya hatari. Anayeuliza kwa nini utamaduni wa kusoma vitabu haujakita mizizi huku angeanza na hesabu hiyo kabla ya kuwasema vijana.

Ngamia hao wamepigwa picha kuliko wanasiasa wengi wa eneo hili. Mwandishi Margriet Ruurs aliwaingiza katika kitabu chake cha watoto mwaka 2005, na mwaka 2007 Mmarekani Masha Hamilton akatoa riwaya nzima, The Camel Bookmobile, iliyojengwa juu yao. Riwaya hiyo ina jambo ambalo Wakenya hawakulizungumza vya kutosha. Katika hadithi, kijiji kinachopoteza kitabu kinapoteza huduma, na kisa kizima kinazunguka kijana mmoja asiyerudisha vitabu alivyoazima. Hamilton aliubuni mkasa, lakini kidole chake kilitua penye kidonda. Hofu ya kitabu kupotea ndiyo inayotawala maktaba zetu, na katika shule za sekondari hofu hiyo imekuwa na nguvu kuliko mtaala.

Kwanza lisemwe hili: maktaba ya ngamia haikuwalenga sana wanafunzi wa sekondari. Walengwa wake wakuu wamekuwa watoto wa shule za msingi na familia za wafugaji. Masanduku yake hujaa hadithi fupi, vitabu vya picha na vya kiada vya madarasa ya chini. Mtoto aliyezowea hema la ngamia akiwa darasa la tano anaingia sekondari na ghafla hema halimfuati tena. Umri wa miaka kumi na minne hadi kumi na minane, ule ambao msomaji hunasa maisha au huponyoka, ndio unaoachwa na pengo.

Serikali itajibu kwamba pengo hilo imeliziba. Tangu Januari 2018 vitabu vya kiada vya sekondari hununuliwa na Wizara ya Elimu moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kupelekwa shuleni, lengo likiwa kila mwanafunzi awe na chake. Hilo lilikuwa jambo jema, na lilivunja ile biashara ya wakuu wa shule na wauza vitabu kuuziana hewa. Lakini kitabu cha kemia hakimfanyi mtu kuwa msomaji, kama vile kitabu cha sheria za barabarani hakimfanyi kuwa dereva. Na hata hivyo vya kiada, swali ni viko wapi saa kumi na moja jioni.

Viko stoo. Aliyesoma au kufundisha katika sekondari yoyote ya umma nchini anaijua stoo hiyo: mlango wa bati, kufuli kubwa, dirisha dogo lenye nondo, na ndani vitabu vimefungwa mafungu mafungu kwa kamba za plastiki jinsi vilivyoshushwa kwenye lori. Jalada limechapwa maneno kwamba kitabu ni mali ya Serikali ya Kenya na hakiuzwi. Pembeni kuna nambari iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, ambayo pia iko kwenye daftari kubwa lenye mistari ya jina, kidato, tarehe na sahihi. Anayelishika daftari hilo ni mwalimu ambaye hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, inaajiri walimu. Mkutubi wa shule, pale alipo, analipwa na bodi, na bodi ya shule ya mashinani ikipata senti huanza na mpishi na mlinzi. Basi mwalimu wa Kiswahili au wa dini anaongezewa ufunguo juu ya vipindi vyake vyote. Mkaguzi akija anahesabu vitabu vilivyobaki, wala haulizi vimesomwa na wangapi. Kikikosekana kimoja, maelezo ni ya mwalimu huyo.

Nani angefungua mlango kwa masharti hayo?

Upande wa mwanafunzi hali ni ile ile. Akipoteza kitabu, deni humsubiri hadi siku ya kuchukua cheti cha KCSE, licha ya maagizo ya Wizara kwamba vyeti visizuiliwe. Kwa familia iliyozika mifugo yake wakati wa ukame, deni la vitabu viwili si utani. Kijana mwerevu hupiga hesabu zake na kuamua kutoazima kitu. Mwalimu anayelinda kitabu na mwanafunzi anayekikwepa wanakubaliana bila kuambiana, na kitabu kinabaki kipya kwenye kamba yake. Mwaka wa tano kinatupwa kwa sababu mtaala umebadilika.

Kipindi cha maktaba, kile kinachoonekana kwenye ratiba ya Kiingereza au Kiswahili, nacho kina hadithi yake. Muhula wa kwanza kinakuwepo. Muhula wa pili kinaombwa na mwalimu wa hisabati aliyechelewa na silabasi. Muhula wa tatu ni marudio matupu. Hapo ndipo wanafunzi hukutana na fasihi katika sura yake ya huzuni, yaani mwongozo. Badala ya riwaya au tamthilia teule, wananunua kijitabu cha muhtasari, dhamira, maudhui na sifa za wahusika, wanavikariri, wanafanya mtihani. Kuna waliofaulu Karatasi ya Tatu ya Kiswahili wakiijua Chozi la Heri ya Assumpta Matei au Kigogo cha Pauline Kea kupitia miongozo tu, bila kufungua kurasa zenyewe. Hawakudanganya, walipewa njia ya mkato na watu wazima.

Hata hivyo riwaya teule zimewahi kufanya kazi ambayo hotuba haziwezi. Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet ilipokuwa kitabu teule cha Kiingereza, ilipeleka hadithi ya wasichana wawili wa Kimaasai wanaokataa tohara na ndoa za lazima ndani ya madarasa ya Garissa, Wajir na Mandera. Huko ukeketaji umekita mizizi licha ya sheria ya 2011 kuupiga marufuku. Kampeni za mashirika hufika na bendera na fulana, na wazee hujua namna ya kuzisikiliza na kuzisahau. Riwaya iliingia kwa mlango wa mtihani, na mtihani hauna mpinzani. Msichana wa Wajir angeweza kumjadili Resian wa Umaasaini, mmoja wa wasichana hao wawili, kwa kirefu bila kumtaja dada yake. Hiyo ni nafasi adimu, na ilipatikana kwa sababu kitabu kilikuwa mikononi mwa wanafunzi, si kwenye stoo.

Kuna watu wa nje, na hata baadhi ya maofisa wa elimu, wanaosema wafugaji ni watu wa kusikia na kunena, kitabu hakimo katika damu yao. Hoja hiyo ni ya uvivu. Mtoto wa Hadado hukutana na maandishi kabla ya kuingia chekechea, katika dugsi, yaani chuo cha Kurani, akiwa na ubao wa mti, kalamu ya kijiti na wino wa makaa. Huandika aya, huisoma kwa sauti hadi aishike, kisha huosha ubao na kuandika nyingine. Akifika sekondari amekwisha kubeba Kiarabu cha Kurani, Kisomali cha nyumbani, Kiswahili cha redio, sokoni na kituo cha polisi, na Kiingereza cha mwalimu. Vijana wachache wa Nairobi wanabeba mzigo huo. Kinachokosekana ni kitabu cha kusomwa kwa raha katika lugha yoyote kati ya hizo nne.

Kisomali chenyewe kilipata alfabeti rasmi ya Kilatini mwaka 1972, ng'ambo ya mpaka, nchini Somalia. Kilichofuata hakina budi kukumbukwa na kila anayepanga programu za usomaji Kaskazini Mashariki. Mwaka 1974 serikali ya Mogadishu ilifunga shule za sekondari kwa mwaka mmoja na kuwatuma wanafunzi na walimu, zaidi ya 20,000, waende malishoni kuwafundisha wafugaji kusoma na kuandika. Waliishi na familia za wafugaji, wakahama nazo. Kisha ukame mkali ukaipiga nchi na wengi wakajikuta wanafanya kazi ya kuokoa watu kwenye kambi. Rais wa Somalia, Siad Barre, alikuwa mtawala wa kijeshi na kampeni ile ilikuwa na amri nyingi ndani yake, jambo lisilotamanika. Lakini ilionyesha kwamba kijana wa miaka kumi na saba anaweza kuwa mwalimu wa usomaji, na kwamba mtu husoma kwa bidii zaidi anapojua kesho atamsomea mwingine.

Mwaka huo huo wa 1974 Faarax M.J. Cawl alichapisha Mogadishu riwaya inayotajwa kuwa ya kwanza kuandikwa kwa Kisomali, Aqoondarro waa u nacab jacayl. Ni hadithi ya mapenzi ya zama za Madarwishi waliopigana na wakoloni, na chanzo kimojawapo cha mkasa wake ni barua: mwanamke anajua kuandika, mwanamume anayeandikiwa hajui kusoma. Ilitafsiriwa kwa Kiingereza na B. W. Andrzejewski na kutolewa 1982. Ikiwa kuna kitabu kimoja ambacho bweni zima la wavulana wa Wajir lingekipitisha mkono kwa mkono hadi kiraruke, ni hicho. Kinahusu vita, ngamia, mashairi na msichana mwenye akili kuliko wote. Si kitabu teule, kwa hiyo hakiletwi.

Suala la nini kiwekwe kwenye rafu linastahili ukali kidogo. Vitabu vya msaada vina shukrani zake, lakini rafu iliyojazwa na wafadhili huakisi kabati za wafadhili. Rafu ya sekondari ya Wajir Magharibi inahitaji Siku Njema ya Ken Walibora, ambayo tangu 1996 imewafuatisha vijana wa Kenya safari ya Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale. Inahitaji Nuruddin Farah na Nadifa Mohamed, Wasomali wawili wanaosomwa dunia nzima na ambao majina yao hayasikiki sana katika madarasa ya Wasomali wa Kenya. Inahitaji Blood on the Runway cha S. Abdi Sheikh, kilichotoka 2007, kuhusu mauaji ya Februari 1984 katika uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita chache tu kutoka Wajir mjini. Babu za wanafunzi hawa ndio walioyashuhudia. Inahitaji pia wasifu wa wanasoka na hadithi za upelelezi. Anayedhani hizo ni upuuzi na akumbuke yeye mwenyewe alianza na nini.

Kuna mzazi atakayeuliza kama riwaya za mapenzi zinafaa kwa binti yake, na sheikh atauliza pia. Swali lao ni halali na dawa yake ni kuwaweka ndani ya kamati inayochagua vitabu, mapema, kabla ya maneno kuanza sokoni. Shule inayoleta vitabu kimyakimya itavificha kimyakimya.

Jambo lisilokwepeka ni walimu. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa na al-Shabaab na watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na TSC ikawahamisha mamia ya walimu wasio wenyeji kutoka eneo hili. Pamoja nao ziliondoka klabu za uandishi, midahalo na maktaba, kwa sababu mambo hayo huendeshwa na mtu mmoja mwenye ari, na mtu huyo alikuwa mgeni. Mpango wowote wa usomaji unaomtegemea mwalimu mmoja mpenda vitabu utakufa siku atakapopata uhamisho, na hakuna wa kumlaumu akiuomba.

Ndiyo sababu ufunguo unapaswa kuwa mikononi mwa wanafunzi wenyewe. Kila shule ya bweni ina viranja wa chakula, wa usafi, wa sala. Kiranja wa maktaba asiwe cheo cha mapambo. Wachaguliwe wanne au watano, wafundishwe kuandika daftari la kuazimia, wapewe zamu za jioni baada ya sala ya alasiri na Jumamosi nzima. Vijana waliokulia kwenye boma wanajua kuhesabu mbuzi mia moja kwa kutupia jicho na kumtambua aliyepotea kwa rangi ya sikio. Daftari la vitabu mia tatu halitawashinda.

Mtaala mpya umeacha mlango wazi. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari ya juu Januari 2026, na miongoni mwa masomo ya lazima kuna la huduma kwa jamii. Katika shule nyingi huenda somo hilo likaishia kufagia soko na kupanda miche itakayoliwa na mbuzi wiki hiyo hiyo. Hadado ingeweza kuligeuza kuwa kitu kingine: kila mwanafunzi wa Gredi ya 10 ampate mtoto mmoja wa msingi katika bulla lake, yaani mtaa wake, na mzee mmoja, awasomee kwa sauti kila wiki, kwa Kiswahili au kwa Kisomali, na aandike walichouliza. Wajir ina redio ya jamii, na wazee wamekuwa wasikilizaji wa BBC Somali tangu ilipoanza 1957. Nusu saa ya riwaya hewani, ikisomwa na wanafunzi, ingekuwa na wasikilizaji ambao mhariri yeyote wa Nairobi angewaonea wivu.

Kuhusu vishikwambi na intaneti, maneno machache yatatosha. Kambi za wakimbizi za Dadaab zimekuwa na madarasa ya vishikwambi na setilaiti ya Vodafone Foundation na UNHCR tangu 2013, na barabara mpya ya Isiolo, Wajir hadi Mandera inajengwa pamoja na mkonga wa mawasiliano. Vitasaidia. Kishikwambi kinahitaji umeme, fundi na mtu wa kukifungulia, na huyo wa kukifungulia ndiye yule yule wa stoo.

Fedha nazo zina mfano wa karibu. Tuzo ya fasihi ya Burt, iliyoanzia Tanzania kisha ikaja Kenya, ilikuwa na sharti zuri kuliko hundi ya mshindi. Kila riwaya ya vijana iliyoshinda ilinunuliwa kwa maelfu ya nakala na kupelekwa kwenye maktaba na shule. Mwandishi alipata soko, mchapishaji hakubahatisha, mwanafunzi alipata kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya umri wake. Tuzo hiyo haipo tena. Kaunti tatu za Kaskazini Mashariki zikiungana zingeweza kufanya kitu cha aina hiyo kwa riwaya moja kwa mwaka, ya Kiswahili au ya Kisomali, yenye wahusika wanaoishi Habaswein, Griftu au Bura. Bunge la Taifa nalo lingeweza kuanza kwa kuondoa ule ushuru wa asilimia 16 ambao Sheria ya VAT ya 2013 iliubandika kwenye vitabu. Hakuna sera ya usomaji itakayoeleweka huku hazina ikichukua chake kwenye kila riwaya.

Hayo ya Nairobi yatachukua muda wake. La shuleni halihitaji kusubiri. Serikali hutenga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, ingawa wakuu wa shule wanalalamika kila muhula kwamba hazifiki zote wala kwa wakati. Kwa bei ya riwaya ya Kiswahili leo, fedha za mwanafunzi mmoja pekee zingenunua nakala zaidi ya thelathini. Shule yenye mikondo miwili ikijibana kiasi hicho kila mwaka, baada ya miaka minne ina vitabu zaidi ya mia moja na ishirini ambavyo hakuna anayevitahini.

Pamoja na kununua, bodi ipitishe jambo jingine ambalo halipo katika shule nyingi: kiwango cha hasara kinachokubalika. Iandikwe kwamba kati ya vitabu kumi vya kujisomea, kimoja kinaweza kupotea au kuchakaa kila mwaka bila mtu kulipa, bila mzazi kuitwa na bila cheti kuzuiliwa. Daftari liwe na safu ya waliosoma, ikaguliwe kabla ya safu ya vilivyobaki. Mkaguzi wa elimu wa kaunti ndogo akija Hadado aanze na safu hiyo ya kwanza, na mwalimu mwenye vitabu vilivyochakaa apewe vingine. Mwenye vipya aulizwe kwa nini.